Mfuko wa Waajiri Usiwe Chama Kimoja



Kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa Desemba 1991, wengi wetu tulidhani utawala wa chama kimoja umezikwa. Tulikosea. Uliendelea kuishi mashambani, karakanani na viwandani, ambako mwenye mali ndiye bunge, ndiye askari na ndiye hakimu.

Sheria ya Mafao kwa Wanaoumia Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima kwa kampuni iliyoidhinishwa. Mwenye karakana ya kuchomea vyuma mjini Nakuru, au mwenye mashine ya mbao Elburgon, huona ada hiyo ni mzigo, akaiacha. Siku msumeno unapokata mkono, wote wawili huangamia. Fidia ya kilema cha kudumu hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Mwajiri wa namna hiyo ataitoa wapi?

Hata waliolipa ada hawakusalimika wote. Kenya National Assurance ilianguka 1996. Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria 2011. Wenye hati za bima walibaki wakishika karatasi.

Ndiyo maana twaunga mkono rai kwamba sheria irekebishwe, waajiri wa kazi moja waruhusiwe kuchanga katika mfuko mmoja na kujikinga wenyewe. Hiyo ni harambee ya kweli. Waajiri wanaolipiana hasara watachungana: mwenye msumeno usio na kinga atakemewa na jirani yake kabla mkaguzi wa serikali hajafika.

Tunalolipinga ni mfuko unaotawaliwa na waajiri peke yao. Anayelipa ndiye ataamua kama ajali ilitokea kazini, na kama mgonjwa amepona. Huko ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani! Tena kifungu cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake kortini kudai fidia nje ya sheria hiyo, na Mahakama ya Juu ilikiacha kisimame Desemba 2019. Mlango mmoja ukishafungwa, uliobaki usikabidhiwe mshtakiwa ufunguo wake.

Wengine wametangulia. Ujerumani iliwaunganisha waajiri katika vyama vya bima ya ajali kwa sheria ya 1884. Tangu 1951 wafanyakazi wana nusu ya viti katika uongozi wake. Kule New York, mifuko kadhaa ya waajiri ilianguka kuanzia 2008, kwa kuwa michango ilikuwa midogo kuliko madai. Waajiri wadogo wakadaiwa mapengo ya wenzao.

Basi twadai haya. Nusu ya viti iwe ya wafanyakazi waliochaguliwa na wenzao. Hesabu zikaguliwe na kusomwa hadharani kila mwaka. Akiba itengwe kabla ya dai la kwanza. Na muda wa siku 90 wa kulipa dai, uliomo katika sheria, usiguswe.

Nayo makanisa yasikae kando. Kanisa ni mwajiri: lina walinzi, wapishi, walimu na mafundi wa ujenzi. Lianzie nyumbani mwake, lisijibu kama Kaini alipoulizwa habari za nduguye.

Kupiga kura kila miaka mitano hakumtoshi mtu asiye na sauti juu ya mkono wake mwenyewe.