Farasi anayejua kuruka hapewi mpandaji kwa kura

Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na pentathloni ya kisasa, lakini farasi hatakuwemo. Mchezo huo ulikuwa unakusanya shabaha, kuogelea, upanga, kukimbia na kuruka vizuizi ukiwa juu ya farasi. Paris 2024 ilikuwa mara ya mwisho kumwona farasi humo. Nafasi yake imechukuliwa na njia ya vikwazo vya kupanda na kuning'inia, mtu na misuli yake tu.

Shabiki wa soka wa Musoma au Bunda anaweza kusema, "Sasa mimi hayo yananihusu nini?" Yanakuhusu. Kilichomtoa farasi Olimpiki ni swali lilelile linalozunguka Uwanja wa Karume kila timu inapobadilisha kocha: huyu mgeni anamjua anayemkuta?

Turudi Tokyo, Agosti 6, 2021. Kwenye pentathloni mchezaji haji na farasi wake. Anapangiwa kwa kura farasi wa wenyeji, anapewa dakika 20 za kuzoeana naye, halafu anaingia uwanjani kuruka. Mjerumani Annika Schleu alikuwa anaongoza msimamo kabla ya hatua hiyo, na dhahabu ilishaanza kunukia. Kura ikampa Saint Boy, farasi ambaye siku hiyohiyo alikuwa ameshagoma akiwa na mpandaji mwingine, Gulnaz Gubaydullina wa Urusi.

Kilichofuata dunia nzima ilikiona. Saint Boy aligoma, Schleu akaangua kilio juu ya tandiko, kocha Kim Raisner akampiga farasi ngumi na akafungiwa kuendelea na mashindano hayo. Aliyekuwa anaongoza akamaliza wa 31.

Lawama zilimwagwa pande zote. Wengine walimshambulia Schleu, wengine kocha, wengine farasi. Lakini tuseme ukweli, Saint Boy hakuwa mnyama aliyeokotwa porini. Alikuwa farasi aliyefundishwa kuruka. Mbovu ulikuwa utaratibu ulioamini kwamba farasi anayejua kuruka ataruka na yeyote atakayekaa mgongoni.

Hapo ndipo wengi wanapochemka. Wanadhani uzoefu wa farasi unarahisisha kila kitu, kumbe mara nyingi unaongeza masharti. Farasi mchanga bado anajifunza lugha, farasi mzoefu anayo tayari. Anajua mguu ukimgusa hapa maana yake nini, hatamu ikivutwa kiasi gani anatakiwa kupunguza mwendo, uzito wa mpandaji ukisogea mbele ni wakati wa kuruka. Ukija na lugha nyingine, atachanganyikiwa au atakukatalia. Na kwenye kizuizi chenye urefu wa mita 1.60, kama vile vya Olimpiki, kuchanganyikiwa kwa sekunde moja kunaweza kumvunja mtu shingo na farasi mguu.

Kwetu Mara farasi si mnyama wa kila siku. Waliopo ni kama wale wa watalii kule Sasakwa, upande wa Grumeti, magharibi mwa Serengeti. Lakini mkulima wa Butiama au Bunda hahitaji kufundishwa somo hili. Anayenunua maksai waliokwishazoea plau haishii kuuliza bei na umri. Anauliza wanaitwaje, nani alikuwa anawaswaga, yupi anakaa kulia na yupi kushoto. Ukiwageuza nafasi siku ya kwanza shambani, mifereji itakwenda zigizaga, halafu utasema umeuziwa ng'ombe wabovu.

Wapo watakaobisha kwamba mpandaji bora anampanda farasi yeyote, kama kocha bora anavyofundisha timu yoyote. Hoja hiyo ina ushahidi wake. Kwa miaka mingi fainali ya ubingwa wa dunia wa kuruka vizuizi iliwakutanisha wapandaji wanne bora, na kila mmoja alipanda farasi wake na wa wenzake watatu. Kule Caen, Ufaransa, mwaka 2014, Mholanzi Jeroen Dubbeldam alitwaa ubingwa kwa mtindo huo.

Sawa, lakini angalia waliokuwa pale: wapandaji wanne wa juu kabisa duniani na farasi wao waliokamilika. Hata hivyo mtindo wenyewe ulikomea hapohapo Caen. Mashindano yaliyofuata, mwaka 2018, hayakuwa tena na mchezo wa kubadilishana farasi. Kitu kinachowezekana kwa watu wanne siku moja hakiwezi kuwa sera ya kuendeshea kila zizi, wala kila klabu.

Fedha nayo haimalizi tatizo. Mwaka 2010 farasi mweusi aitwaye Totilas alizoa dhahabu tatu kwenye mashindano ya dunia kule Kentucky, Marekani, akiwa na Mholanzi Edward Gal. Yeye hakuwa wa kuruka, alikuwa wa mchezo wa madaha, ule ambao farasi anatembea kwa hatua za kupangwa kama anacheza ngoma. Wiki chache baadaye akauzwa Ujerumani, usajili uliotikisa mchezo mzima, na hatamu akapewa kijana Matthias Rath.

Walishinda baadhi ya mashindano, lakini Totilas yule wa Kentucky hakuonekana tena. London 2012 hawakwenda kwa sababu Rath aliugua, farasi naye akaandamwa na majeraha, na mwaka 2015 akastaafishwa. Rath hakuwa mpandaji mbaya. Alipewa kazi ya kurudia alichokifanya mwingine, kwa mwili mwingine na mkono mwingine, huku kila mtu akimlinganisha na aliyemtangulia. Makocha wanaorithi timu zilizotoka kutwaa ubingwa wanaujua mzigo huo.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 1983 mpandaji Mwingereza Caroline Bradley alifariki ghafla akiwa mashindanoni, na umri wake ulikuwa miaka 37 tu. Aliacha farasi mwenye rangi nyeupe, Milton, aliyekuwa anamlea kwa matumaini makubwa. Wazazi wake, Tom na Doreen, wangeweza kumuuza na kufunga ukurasa. Hawakuuza. Walimtafutia mpandaji.

Kwanza Milton alikaa kwa muda na mpandaji Stephen Hadley. Mwaka 1985 akaenda kwa John Whitaker, mtu mkimya mwenye mikono laini kwenye hatamu, asiyependa kugombana na farasi. Wazazi wakabaki wamiliki. Matokeo yake yapo kwenye kumbukumbu: ubingwa wa Ulaya 1989, fainali za Kombe la Dunia la kuruka vizuizi 1990 na 1991, na Milton akawa farasi wa kwanza nje ya farasi wa mbio kuvuna zaidi ya pauni milioni 1 za zawadi.

Tofauti ya Saint Boy, Totilas na Milton ni nani alichagua, na alichagua kwa kuangalia nini. Saint Boy alichaguliwa na kura. Kwa Totilas, fedha ilitangulia na mpandaji akafuata. Milton alichaguliwa na watu waliomjua farasi, waliokuwa tayari kungoja miaka miwili mpaka mkono sahihi upatikane.

Ndiyo maana wamiliki makini wana utaratibu wao. Mpandaji mpya hapandi kwanza, anakaa pembeni na kumtazama yule anayemjua farasi akimpanda. Akipanda yeye, anaanza chini bila kizuizi, halafu vizuizi vifupi, na anarudi siku ya pili na ya tatu, maana siku ya kwanza kila mtu ana adabu. Daktari wa mifugo anakagua miguu na mgongo. Uzito unaangaliwa pia. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, kwa hiyo farasi wa kilo 500 asibebeshwe zaidi ya kilo 100. Mwisho anaulizwa swali gumu: unamtaka huyu umfikishe wapi? Farasi mwenye umri mkubwa aliyeshiba mashindano anaweza kumfaa kijana anayejifunza kuruka mita moja kuliko bingwa anayetafuta medali. Akiwa na huyo kijana, farasi ndiye mwalimu.

Tuiweke Biashara United kwenye kipimo hicho. Wanajeshi wa Mpakani walipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 ulipokuwa unaelekea ukingoni, kocha Francis Baraza aliondoka kwenda Kagera Sugar. Mikoba ikachukuliwa na Mkenya mwenzake, Patrick Odhiambo. Timu haikuyumba, ikamaliza ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam, na ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Huko ndiko kubadilisha mpandaji bila farasi kushtuka.

Lakini hata mpandaji anayefaa anahitaji zizi lenye majani. Oktoba 2021 Biashara iliichapa Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam. Mechi ya marudiano haikucheza, safari ya Libya ilikwama na timu ikaondolewa mashindanoni. Kabla ya msimu huohuo wa 2021/22 kuisha, ikashuka daraja. Mwaka 2024 ikafika mechi za mchujo wa kurudi Ligi Kuu, Tabora United wakafunga mlango.

Ukiisoma historia hiyo kwa haraka utasema tafuta kocha mwenye jina. Ukiisoma taratibu utaona farasi huyu ameshaonyesha kwamba kuruka anajua. Alicholala nacho njaa ni nauli, mipango na muda. Kumletea mpandaji mpya kila akigonga kizuizi, bila kumlisha, ni kurudia kura ya Tokyo na kutegemea jibu tofauti.

Kwa hiyo uongozi wowote wa Mara utakaokaa mezani kutafuta kocha, uanze na maswali ya mwenye farasi. Wachezaji waliopo wamezoea kucheza vipi? Huyu anayekuja amewahi kukaa jukwaani kuwatazama, au amesoma msimamo wa ligi tu? Atapewa mechi ngapi kabla ya kelele kuanza? Na basi la kwenda ugenini lina mafuta?

Majibu yakipatikana, jina la kocha litajitokeza lenyewe, na linaweza lisiwe lile linaloimbwa mitandaoni. Nasi mashabiki tuna sehemu yetu. Milton alisubiriwa miaka miwili, sisi tukifungwa mechi mbili tunataka kibarua cha mtu kiote nyasi.