Mjini Kwenda Si Kazi, Kazi Kukaa

Najua wengi wenu gazeti hili hulifungua kutafuta mashairi na vichekesho, na mimi pia ni mmoja wenu. Lakini mwaka huu nimemwomba mhariri wa chama anipe nafasi niseme jambo lililonikaa kooni tangu likizo ya Agosti. Jambo lenyewe ni huu mji tunaouota usiku na mchana.

Kwetu Gede, na naamini ni vivyo hivyo Msabaha, Ganda, Matsangoni hata Takaungu, kijana akimaliza shule huulizwa swali moja tu: "Utakwenda lini Mombasa?" Haulizwi anakwenda kufanya nini. Kule kwenda kwenyewe ndiko kazi! Matatu ya alfajiri ikisimama, begi likapanda juu na kuku wa zawadi akawekwa chini ya kiti, basi huyo amekwisha kufaulu. Anayebaki huitwa mlinda minazi.

Kaka yangu alikwenda hivyo hivyo miaka miwili iliyopita. Mama aliuza mbuzi wawili akaongeza na pesa alizokopa katika chama cha akina mama. Krismasi ya kwanza kaka alirudi na viatu vyeupe, simu ya kioo kipana, mchele kilo nne na leso doti mbili. Watu walikuja kumtazama kama waliokuja kutazama arusi. Kila aliyemwuliza kazi alimjibu kwa mkato, "Niko bandarini." Mama naye akalishika neno hilo. "Mwanangu yuwafanya kazi bandarini," huku ameinua kidevu. Ilipofika Januari, vijana watatu wa mtaani kwetu walimfuata. Mmoja wao alikuwa mwenzangu wa dawati, kidato cha tatu, hodari wa hesabu kunishinda. Dawati hilo sasa nakaa peke yangu.

Basi Agosti nikaomba ruhusa kwenda kumjulia hali kaka. Mama alinifungia nazi ishirini katika gunia, muhogo na chupa ya asali. Nikashuka Kisauni saa nane mchana, jua la kupasua kichwa. Kaka alinikuta stejini akiwa ametota jasho, na nyuma yake kulikuwa na mkokoteni uliojaa mitungi ya maji ya lita 20. Nilidhani amempokea mtu tu. Kumbe wapi! Hiyo ndiyo bandari. Bandari ya Kilindini yenyewe, aliniambia baadaye huku akicheka cheko la kujilazimisha, ameiona kwa mbali tu siku aliyopanda feri ya Likoni.

Hapo nilitaka kulia, lakini kwanza hebu sikilizeni kichekesho. Maji anayoyauza kaka yanatoka wapi? Sehemu kubwa ya maji ya Mombasa, upande huo wa kaskazini, hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, huku huku kwetu nyuma ya Malindi. Yanasukumwa kwa mabomba mpaka matangi ya Nguu Tatu. Kwa hiyo maji yalihama kwetu yakaenda Mombasa, kaka naye akahama akayafuata, na sasa anayasukuma kwa mkokoteni akiwauzia watu ambao mifereji yao imekauka. Nikamwambia, "Kaka, si ungeyangojea kule kule yalikotoka?" Hakucheka.

Chumba chake kimo katika nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, choo kimoja uani. Kitanda, jiko la mafuta ya taa, kamba ya nguo, basi. Usiku ule, kwa kuwa nilijua akirudi kijijini hatasema ukweli, nilitoa daftari langu la biashara nikamwambia tufanye hesabu ya mwezi mmoja. Mwanzoni alikataa. Kisha akasema, "Haya, andika."

Mtungi huununua shilingi 5 akauuza 20. Mkokoteni si wake. Mwenyewe hulipwa shilingi 100 kila siku, maji yawepo yasiwepo. Siku nzuri kaka hubaki na 600. Siku ambayo mifereji ya watu inatoka maji hapati mnunuzi, na siku ambayo hata kwenye kioski hakuna maji hushinda kwenye foleni. Mwezi ule alipata shilingi 10,800 zote kwa jumla. Kodi ya chumba 4,000. Stima 300. Chakula tulikihesabu kwa siku: mahamri na mbaazi na chai asubuhi shilingi 60, wali maharagwe mchana 100, usiku ugali na sukuma wiki anaopika mwenyewe 80. Hiyo ni 240, mara siku 30 ni 7,200. Jumlisha mwenyewe, msomaji. Ni 11,500. Kabla hajanunua sabuni, kabla hajaugua, kabla hajapanda matatu hata mara moja, ameshapungukiwa na shilingi 700.

Na kila mwezi hutuma nyumbani 1,500! Nilimwuliza zatoka wapi. Akanyamaza, kisha akaniambia hukopa kwa simu, akalipa deni hili kwa deni lile. Vile viatu vyeupe vya Krismasi alikuwa bado hajamaliza kuvilipa. Yaani sisi tuliokuwa tukimwombea dua mama apate, tulikuwa tukila deni la mtoto.

Sasa mtu atasema kaka yangu hana bahati, wengine wameajiriwa. Haya, tuwatazame walioajiriwa. Sheria ya nchi yetu yenyewe inakiri kwamba mjini ni ghali, ndiyo maana kima cha chini cha mshahara hakilingani kila mahali. Katika kima kilichotangazwa mwaka wa 2022, kibarua wa kawaida katika miji mikuu kama Nairobi na Mombasa aliwekewa shilingi 15,201.65 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Katika miji iliyokuwa na manispaa zamani, na Malindi ilikuwa mmoja wao, ni 14,025.40. Miji midogo na kwingineko, 8,109.90. Novemba 2024 ikaongezwa asilimia 6 kote. Toa hesabu: kati ya Mombasa na Malindi tofauti ilikuwa shilingi 1,176.25, na baada ya nyongeza hiyo ikawa kama 1,247. Hiyo ndiyo zawadi ya kuhama! Kaka angekuwa na kazi ya kima hicho Malindi akalala kwa mama, asingelipa kodi, angekula muhogo wetu na mchunga wa bure, nauli ingemtoka tu. Elfu moja mia mbili haiwezi kulipa hata theluthi ya kile chumba cha Kisauni.

Lakini ngojeni kidogo, msinipigie makofi bado, hasa nyinyi wazee wetu mnaopenda kutuambia "rudini mashambani". Mashamba gani? Wengi wetu katika Kilifi hii tumezaliwa juu ya ardhi ambayo baba hana hati yake. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilichojengwa miaka ya 1970 kilifungwa miaka ya 1990, na mikorosho ya babu ikabaki ya kivuli. Ukienda Ganze au Magarini mwaka wa ukame, mahindi hufa yakiwa kimo cha goti. Na hiyo Malindi niliyoisifu ni mji wa msimu. Wageni Waitaliano wakiondoka na masika ikaingia, hoteli nyingi hufunga milango na mshahara ule wa manispaa huwa karatasi tu. Mwaka wa 2020 ulipozuka ugonjwa wa korona, ndege za kimataifa zilisimamishwa Machi, na Aprili kaunti yetu, pamoja na Mombasa na Kwale, ikafungwa watu wasiingie wala wasitoke. Mjomba alikuwa mpishi hotelini. Siku zile alikuja kukata makuti kwa mama ili apate cha kula.

Na kuhama si jambo la jana. Tazameni magofu tunayopelekwa kila mwaka na mwalimu wa historia. Gede ulikuwa mji wa mawe, wenye kasri na msikiti mkuu na visima, na katika karne ya 17 watu wake waliuacha ukamezwa na msitu. Miongoni mwa sababu ambazo wataalamu huzitaja ni maji kupungua visimani. Mwaka wa 2024 UNESCO imeuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii hulipa kiingilio kutazama mahali ambapo wenyeji waliona hapakaliki. Kwa hiyo sitamwita mtu mjinga kwa sababu amehama. Ukikosa maji utahama.

Tena kuna mambo ambayo daftari langu la biashara haliwezi kuyaandika. Yuko dada mmoja jirani yetu, jina nalihifadhi, ambaye alitoroka kwao kwa sababu posa ilikwisha kupokewa naye hajamaliza hata kidato cha pili. Anasuka nywele Mtwapa. Nilipitia kwake siku ya kurudi. Chumba chake ni kidogo kuliko cha kaka, na usiku muziki wa vilabu haumpi usingizi. Nikamfanyia ile hesabu yangu kwa majivuno, nikamwonyesha kwamba kila mwezi habakiwi na kitu. Alinitazama akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo. "Huu nao umeuandika?" akaniuliza. "Nikifunga mlango, nimefunga mimi." Jioni hujifunza kushona kwa fundi mmoja na analipa mwenyewe. Nilikosa la kumjibu, na hadi leo sina.

Ndiyo maana ugomvi wangu si na mji. Ugomvi wangu ni na ule uongo wa Krismasi. Mtu anarudi na viatu vya deni, anatuita "watu wa bara ya kwetu", ananunulia soda nusu ya kijiji, na sisi tunaobaki tunamfanya kipimo. Mwenzangu wa dawati hakudanganywa na gazeti wala na redio, alidanganywa na viatu vya kaka yangu. Na sisi tuliokuwa tukimpokea tulisaidia, maana nani alitaka kusikia habari za mkokoteni? Angalisema kweli siku ile ya kwanza, mama mwenyewe angaliona haya mbele ya chama, na mbuzi walikuwa wamekwisha kwenda.

Hapa shuleni tuna siku ya ushauri wa kazi. Kila mwaka huletwa daktari, mwanasheria na rubani, watuambie tutie bidii. Ni vizuri, na wasiachwe. Lakini kwa nini asiitwe yule mlinzi wa Nyali aliyesoma hapa, au muuza duka wa Mtwapa, au hata kaka yangu, waje na karatasi watuandikie ubaoni kodi, maji, nauli na kinachobaki? Dakika ishirini zingetosha. Katika kidato changu sisi ni arobaini na wawili, na si wote tutakuwa marubani. Walimu wetu mnaosoma hapa, nawaomba kwa heshima mlifikirie.

Nami nimeulizwa, wewe je, ukimaliza utakwenda? Nitakwenda nikijua nakwenda kwa nani, kufanya nini, na maji ya huko mtungi ni bei gani. Kama nitapata nafasi Chuo Kikuu cha Pwani hapo Kilifi, nitashukuru, ingawa nasikia vyumba vya kupanga karibu na chuo navyo vimeanza kujidai Mombasa. La sivyo, mama anafuga vipepeo. Msicheke! Tangu mwaka wa 1993 mradi wa Kipepeo hapo kwenye magofu hununua mabuu yaliyojifunga kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, yakapelekwa ng'ambo. Mabuu hayo yamenilipia karo zaidi ya mihula miwili. Si mali ya kujengea ghorofa, lakini wakati wa hesabu ya kaka tuliona kwamba kuna miezi mama alimzidi mwanawe wa bandarini.

Kabla sijaandika haya nilimpigia kaka kumwomba ruhusa. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Andika. Lakini jina langu usitie." Sikulitia. Akaniuliza kama mama atasoma. Nikamwambia mama hasomi, ila mdogo wetu wa darasa la sita husoma kila kitu kwa sauti. Akanyamaza tena. "Basi mwambie asome taratibu," akasema, "na Krismasi hii nitakuja na ndara."

Zile nazi ishirini nilizompelekea, alikula nne. Kumi na sita aliziuza pale pale kwa jirani, bei mara mbili ya kwetu, na usiku ule ule alimtumia mama pesa zake.