Mhandisi Amwandikie Dereva

Miradi ya wanafunzi wa uhandisi inayohusu dereva anayesinzia imekuwa mingi, na si ajabu. Kamera na bodi ndogo za kielektroniki zimeshuka bei, programu za kutambua uso zinapatikana bure, na kila aliyewahi kupanda basi la mkoani anaijua hofu yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi yake. Na tangu Tanzania iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, mwaka 2023, suala la usingizi kwenye usukani limekuwa zito maradufu.

Mara nyingi mradi wa namna hiyo hupewa alama kwa saketi na programu yake. Maandishi husubiri wiki ya kukabidhi kazi. Stadi za mawasiliano zilishafundishwa mwaka wa kwanza, kwenye ukumbi uliojaa, zikapita pamoja na mtihani wake. Vyuo vyetu vinapaswa kuamua kama mpango huu uendelee, au kama uandishi wa kiufundi uhamie ndani ya mradi wenyewe. Mimi nasimama na hilo la pili, na mradi wa usalama wa dereva ndio unaonipa hoja, kwa sababu kifaa hicho kazi yake ni kusema na mtu. Kamera itaona na programu itaamua, lakini basi litaokolewa na kile dereva alichoambiwa na alichofanya baada ya kuambiwa.

Chukua kipimo kinachotumika sana katika utafiti wa usingizi barabarani, PERCLOS. Hupima ni sehemu gani ya muda, tuseme ndani ya dakika moja, ambapo kope zimefunika asilimia 80 au zaidi ya mboni ya jicho. Mwanafunzi anaandika kwamba mfumo wake una usahihi wa asilimia 95, msimamizi anaridhika. Sasa tumpigie dereva hesabu. Ikiwa mfumo unaamua mara moja kila dakika, safari ya saa 10 ina maamuzi 600. Dereva akiwa macho mwanzo hadi mwisho, kosa la asilimia 5 litamletea kengele 30 za uongo. Hata kabla ya kuiona Dodoma atakuwa ameshaifunika kamera kwa kitambaa, na simlaumu. Mwambie mwanafunzi huyo amwandikie dereva sentensi mbili tu: kengele italia lini, na mara ngapi italia bila sababu. Akijaribu kuziandika kwa ukweli, zitamwonyesha kwamba kifaa hakijawa tayari, naye atarudi kwenye programu. Somo la uandishi lililotengwa na karakana haliwezi kumrudisha huko.

Kuna pia suala la kengele yenyewe inasema nini. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekesha kwa saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Mlio unamgutusha, usingizi alioukosa haumrudishii. Ujumbe wa kweli ni kwamba asimamishe gari. Lakini kusimama hakuamuliwi na dereva peke yake. Ana ratiba, ana tajiri anayepiga simu, ana abiria wanaonung'unika. Kwa hiyo mwanafunzi anadaiwa andiko jingine kwa mwenye basi, kuhusu dereva wa pili na gharama ya kuchelewa, na jingine kwa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ambayo tayari hufuatilia mwendo wa mabasi ya masafa marefu kwa mfumo wa VTS na itataka kujua data za uso wa dereva zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Ripoti moja nene ya Kiingereza haimfikii yeyote kati yao.

Madhara ya taarifa isiyofika yanajulikana. Septemba 1977 vali ilikwama wazi katika kinu cha nyuklia cha Davis-Besse, Ohio, na waendeshaji wakazima mapema maji ya dharura. Februari 1978 mhandisi Bert Dunn wa kampuni iliyounda kinu hicho aliandika waraka akitaka waendeshaji wapewe maelekezo. Waraka ulizunguka ofisini. Machi 28, 1979, kosa lilelile lilitokea katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania. Ni kweli kwamba waraka mzuri hauwezi kuilazimisha kampuni kusikia, na mwanafunzi aambiwe hivyo waziwazi. Ndiyo sababu ajifunze mapema nani ana uwezo wa kutoa amri, na aandike kwa huyo.

Wapo wahadhiri wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Ratiba imejaa, madarasa ni makubwa, mwalimu wa lugha hajui saketi na mwalimu wa saketi hana muda wa kusahihisha aya. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, huwaweka walimu wote wawili, wa uhandisi na wa uandishi, katika darasa moja la usanifu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ni mpango mzuri na wa gharama, sitarajii tuunakili mzima.

Tunachoweza kuanza nacho ni karatasi moja. Katikati ya mradi, kabla ya kifaa kukamilika, kila kikundi kiandike maelekezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kiyapeleke kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, kimpe dereva asome, kisha kimwombe aeleze kwa maneno yake atafanya nini kengele ikilia. Majibu yake yaingie kwenye ripoti na yabebe alama za kutosha kumwangusha mtu. Kikundi ambacho maelekezo yake hayakueleweka kirudi mezani, hata kama saketi yake inafanya kazi vizuri.