Jiko, Boriti na Binti wa Gredi ya 10

Mwezi wa Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, na kila mmoja wao alitakiwa awe amechagua njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya njia ile ya kwanza yamo masomo ya kiufundi, kama vile useremala, ujenzi, umeme, ufundi wa vyuma na teknolojia ya bahari na uvuvi. Hayo ndiyo masomo ambayo kina mama wengi wa kwetu huyasikia wakauliza: mtoto anapelekwa shule kusoma, au kupigilia misumari? Swali hilo ni la haki, nasi tunaona lajibika.

Msumari huja mwisho. Mwanafunzi anayeanza uhandisi hufunzwa kwanza kulitaja tatizo kama lilivyo. Akisema kwamba jiko la nyumbani linakula makaa, mwalimu humrudisha nyuma: linakula kiasi gani, kwa muda gani, kwa sufuria ya ukubwa upi? Na apime makaa kabla ya kuwasha, apime na yaliyosalia wali ulipoiva. Kisha huandika vigezo, yaani sifa ambazo kitu atakachokibuni lazima kiwe nazo. Na mipaka, yaani fedha, muda na vifaa ambavyo hawezi kuvipita. Hapo ndipo huchora njia kadhaa, huchagua moja, akatengeneza mfano wa majaribio kwa karatasi ngumu au mbao, akaujaribu, na aghalabu akauona ukivunjika mikononi mwake. Hurudi alikotoka, akaanza tena.

Tumelitaja jiko kwa makusudi, kwani kisa chake ni somo zima la usanifu. Jiko la bati tupu walilopikia bibi zetu lilikuwa likiipa sufuria asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la makaa. Sehemu kubwa ya joto lililobaki ilipotea ubavuni, ikamchoma mpishi na kupasha hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya walilitazama jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo wa kuchomwa ndani na bati nje, wakataka kulileta huku. Hawakulichukua likafaa papo hapo. Majiko ya mwanzo yalikuwa na pande zilizonyooka, na udongo wake ulipasuka. Umbo likabadilishwa: likawekewa kiuno chembamba, udongo ukakaa nusu ya juu peke yake, na majivu yakaangukia chini. Waliopika ndio waliosema lipi lafaa na lipi halifai, na mafundi wa jua kali wakajifunza kulitengeneza kwa bei ambayo mnunuzi wa kawaida aliimudu. Jiko hilo huipa sufuria kiasi cha asilimia 25 hadi 40 ya joto. Mama anayeliwasha kila jioni ameshika mkononi matunda ya majaribio mengi yaliyoshindwa, na hakuna aliyemwambia kwamba huo ni uhandisi.

Wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Mombasa nao waliyajua haya. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake usiopitwa. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3 au pungufu. Hawakulalamikia mti. Walijenga ndani ya mpaka wake, na nyumba zao bado twazionea fahari.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuudhi. Mtoto hupewa kazi ya kubuni, naye babake humwita seremala wa mtaani, au mamake akanunua kitu kilichokwisha tengenezwa, kipelekwe shuleni king'ae. Alama huenda zikapatikana. Lakini katika somo hili kazi yenyewe hasa imo ndani ya daftari: michoro iliyofutwa, vipimo vilivyokosewa, sababu za kuacha njia hii na kuishika ile. Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mashine mwaka 1206, hakutuachia sifa za mashine peke yake. Alichora na kueleza namna kila kipande kinavyoungana na kingine, ili fundi mwingine aweze kukiunda. Mtoto aliyenunuliwa kitu hana la kuandika. Basi akija nyumbani na mabati na maboksi yaliyokatwa vibaya, tusiyafagie kama takataka.

Na mabinti je? Tunasikia ikisemwa kwamba karakana si mahali pa msichana, na sababu inayotajwa ni stara. Hatari ipo, lakini ni ya kitambaa kilicholegea, wala haimchagui mwenye hijabu: tai, mkono mpana wa shati na nywele ndefu zisizofungwa vyote huweza kunaswa na mashine ya kukereza au keekee. Tulitazame hilo kama anavyolitazama mwanafunzi wa usanifu. Kigezo: kichwa, shingo na mikono visitirike. Mpaka: kisiwepo kitambaa kinachoning'inia karibu na kitu kinachozunguka. Mtandio mfupi unaobana, uliochomekwa ndani ya koti lililofungwa vifungo, wenye mikono inayoshika kifundo, unatimiza yote mawili. Binti mwenye cherehani nyumbani anaweza kuushona mwenyewe, akaujaribu, akaurekebisha, na hiyo ikawa kazi yake ya kwanza ya muhula.

Kabla ya kuchagua, mzazi ajue mambo machache. Njia ya sayansi na uhandisi inadai hisabati nzito kuliko ile inayosomwa na njia nyingine mbili. Somo la Dini ya Kiislamu limewekwa upande wa sayansi za jamii, kwa hiyo anayekwenda kwenye ufundi azungumze na mwalimu wake wa chuo mapema kuhusu ratiba ya darasa za jioni na za mwisho wa juma. Na shule isihukumiwe kwa jina lake langoni. Mzazi aombe kuionyeshwa karakana: aone kama mashine zinafanya kazi au zimefunikwa maturubai, kama miwani ya kukinga macho inatosha darasa zima, kama yuko mwalimu aliyesomea ufundi wenyewe, na kama wasichana hushika zana au huachiwa kuandika ripoti huku wavulana wakikata mbao.