Madoadoa lilikuwa neno la Yakobo kabla wanasiasa walichukue

Fungua Biblia ya Kiswahili, Mwanzo sura ya 30. Utakutana na neno ambalo mkazi wa Bonde la Ufa akilisikia jukwaani anaanza kutafuta njia ya kutokea: madoadoa.

Pale halina ubaya wowote. Yakobo amemfanyia kazi mjomba wake Labani miaka mingi na sasa anadai mshahara. Anachotaka ni wanyama wenye madoa tu. Labani anakubali mbio mbio kwa sababu hao ni wachache, halafu siku hiyo hiyo anawatenga, anawakabidhi wanawe, wanapelekwa mwendo wa siku tatu. Kwa hivyo kuondoa madoadoa hakukuanzia Kenya. Ilikuwa ujanja wa mwajiri asiyetaka kulipa. Na ni hao wenye madoa waliokuja kumtajirisha Yakobo. (Muulize mfugaji yeyote wa Kitale ng'ombe wake wa maziwa ana rangi gani.)

Sisi tulilifanyia nini hilo neno? Katika ghasia za miaka ya tisini, na tena za 2007/08, kuondoa madoadoa kulimaanisha kumfukuza jirani ambaye kabila lake si "la hapa". Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Na bado Januari 2022, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alilitamka kwenye mkutano wa kampeni mjini Eldoret, akakamatwa. Miezi michache baadaye Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ikaliweka kwenye orodha ya maneno ya kuepukwa.

Sasa njoo Saboti. Jina lenyewe limetokana na Wasabaot, lakini tembea Tuwani au Matisi jioni moja tu: Mbukusu anauza mboga, Mturkana analinda lango, Mkisii ana duka, Mkikuyu ana matatu, Mnandi anapeleka maziwa. Kwa hesabu ya Labani, hapa kila mtu ni doa la mwenzake.

Tena usidhani shida ni makabila kuwa mengi. Upande wa pili wa Mlima Elgon, huko Bungoma, mgogoro wa mashamba ya Chebyuk uliwagonganisha Wasabaot wenyewe kwa wenyewe, Wasoy na Wamosop. Kundi la SLDF likaua na kukata watu masikio hadi jeshi lilipoingia Machi 2008. Watu wa lugha moja, na bado neno la kuwatenganisha lilipatikana.

Wengi wetu hatuendi mikutano ya siasa. Mkutano wetu uko kwenye simu. Asubuhi unaweka mstari wa Zaburi kwenye status, jioni kwenye grupu la WhatsApp unaandika "hawa watu warudi kwao" na emoji tatu za kucheka. Yakobo mwingine, yule wa Agano Jipya, alishangaa jambo hili hili katika sura ya tatu ya waraka wake: kinywa kimoja kinamsifu Mungu na kumlaani mtu aliyeumbwa kwa mfano wake. Orodha ya NCIC haiwezi kukutibu hapo. Wakipiga marufuku madoadoa, wiki ijayo kuna fumbo jipya na kila mtu kwenye grupu analielewa. Yesu katika Mathayo 12 alishaonyesha kwamba kinywa kinatoa kile ambacho moyo umejaza.

Lakini hapa nina ugomvi na baadhi ya wazee wa kanisa. "Chunga ulimi" imegeuzwa kuwa kifuniko. Vijana walipopinga Mswada wa Fedha Juni 2024, kuna walioambiwa hawana adabu, eti Mkristo hamsemi kiongozi. Nabii Nathani alimwendea Daudi akamwambia makosa yake machoni, na hakuna anayemwita mtovu wa adabu. Kuuliza pesa za barabara ya Saboti zimeenda wapi si tusi. Kusema zimeliwa kwa sababu kabila la fulani ni wezi, hilo ndilo tusi, na zaidi ya hapo linamwokoa mwizi, maana kabila lake lote litasimama kumtetea.

Kama tunachunga maneno, tuanzie kwenye maikrofoni ya kanisa. Septemba 2021 huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwakataza wanasiasa kuhutubia ibadani siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu. Wakaribishwe kuabudu kama sisi wengine, lakini mimbari si yao. Makanisa mengine bado yanapokea bahasha kisha yanatoa maikrofoni, na mheshimiwa akishamaliza, hakuna mchungaji anayesimama kusahihisha.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Vijana wa kanisa lako wana zamu ya kuongoza ibada, si ndiyo? Itisheni Jumapili moja kabla kampeni hazijapamba moto, msome Mwanzo 30 yote kwa sauti, na aliyekaa mbele akiwa mgombea, asome yeye sehemu ya Labani.