PlayStation Mpya Yaja: Itauzwa Bei Gani, na Itakuja na Michezo Gani?

Juzi jioni nilikuwa nimekaa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, alipokuja kijana mmoja wa mtaani kwetu. Kijana huyu ana chumba kidogo alichokigeuza ukumbi wa michezo ya video. Ana televisheni mbili na PlayStation mbili, na watoto wa mtaa humlipa kwa mechi. Akaamkia, akakaa, kisha akaniuliza: "Ami, wewe ni mtu wa magazeti. Yasemwa PlayStation mpya yaja. Nizuie pesa zangu niingoje hiyo, au niongeze nyingine ya hizi hizi?"

Mimi sijui kucheza hata mchezo mmoja wa televisheni. Bao ndilo lililonilea. Lakini swali la kijana huyu si la mchezo, ni la mali. Pesa zake amezikusanya kidogo kidogo, na akikosea mara moja hana za kukosea mara ya pili. Nikamwambia anipe siku tatu nitafute. Niliyoyapata nayaweka hapa, kwani najua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Wako na wazazi ambao hawalali kwa kuombwa na watoto wao.

Tuanze na yale yanayojulikana. PlayStation ni mali ya kampuni ya Sony ya Japani, na ile ya tano ilitoka mwezi wa Novemba 2020. Mwezi wa Oktoba 2025, Mark Cerny, fundi mkuu aliyeisanifu, alitokea hadharani pamoja na Jack Huynh wa AMD, kampuni inayoiundia Sony chipu zake. Wakaeleza ufundi mpya wanaoushughulikia kwa pamoja, na Cerny akasema anatarajia kuutia katika mtambo wa baadaye, baada ya miaka michache. Hakutaja bei wala michezo. Kwa hiyo yasemwayo mitaani juu ya hayo mawili ni makisio. Nami pia nitakisia, lakini nitakisia kwa kutazama nyuma, kwani mwenye kujua nyayo za mtu hukisia aendako.

BEI ILIYOJENGA NA BEI ILIYOBOMOA

Mwezi wa Mei 1995 yalifanyika Los Angeles, Marekani, maonyesho ya kwanza ya michezo ya video yaitwayo E3. Kampuni ya Sega, ambayo wakati huo ilikuwa na jina kubwa kuliko Sony katika kazi hii, ikatangaza kwamba mtambo wake, Saturn, bei yake ni dola 399, na kwamba umeshaingia madukani siku hiyo hiyo, ingawa watu walikuwa wameambiwa Septemba. Zamu ya Sony ilipofika, alipanda jukwaani bwana mmoja, Steve Race. Hakuhutubia. Alitamka namba moja tu, "299", akashuka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Dola mia moja zilitosha kuupindua mji. Na haraka ya Sega iliongeza msiba juu ya msiba, kwa sababu watengenezaji wa michezo walikuwa wakijipanga kwa Septemba, na Saturn ikaingia sokoni na michezo ya kuhesabika kwa vidole. PlayStation ile ya kwanza iliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Saturn haikufika milioni 10.

Ya pili ikatoka mwaka 2000, nayo ikaenda mbali zaidi. Watu wengi waliinunua kwa kuwa ilicheza pia filamu za DVD, na hivyo aliyenunua kimoja alipata viwili. Lakini wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2006 Sony walileta ya tatu kwa dola 499, na nyingine kwa dola 599, wakaitia kisomeo cha diski za Blu-ray ambacho wakati huo kilikuwa ghali na wanunuzi wengi hawakukihitaji bado. Juu ya bei yote hiyo, Sony bado walikuwa wakiiuza kwa hasara. Mwezi huo huo Nintendo wakatoa Wii kwa dola 249.99, mtambo dhaifu kwa nguvu, lakini kule Marekani uliwekewa mchezo wa Wii Sports ndani ya boksi. Nyanya na mjukuu wakasimama pamoja mbele ya televisheni wakirusha mikono. Wii ilipita milioni 100. PlayStation ya tatu ilijikongoja hadi milioni 87 na kitu, baada ya kupunguziwa bei mara kadhaa.

Somo la 2006 walilishika. Mwaka 2013 Microsoft walipotaja dola 499 kwa Xbox One, Sony walitaja 399 kwa PlayStation ya nne, na soko likawa lao tena.

KANUNI YA KUNGOJA IMEKUFA

Hapa ndipo jambo linapomhusu kijana wetu. Kwa muda wa miaka mingi kulikuwa na kanuni moja ambayo kila mnunuzi mwenye akili aliijua: ngoja. PlayStation ya pili ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000, ikawa 199 mwaka 2002, na kufika 2009 ikawa dola 99. Mwenye subira alilipa theluthi. Mwaka 2011 Nintendo walitoa 3DS, mtambo wa mkononi, kwa dola 249.99, kabla ya miezi mitano kwisha wakaushusha hadi 169.99, na waliokuwa wamenunua mapema wakafutwa machozi kwa michezo 20 ya zamani.

Kanuni hiyo leo haipo. PlayStation ya tano ilianza Marekani kwa dola 499 mwaka 2020. Mwezi wa Agosti 2025, ikiwa mtambo wa karibu miaka mitano, bei yake ilipandishwa kuko huko hadi dola 549.99. Xbox nayo ilipandishwa mara mbili ndani ya mwaka huo. Bidhaa inazeeka na bei inakua! Hilo katika biashara hii halikuwa likijulikana.

Sababu zake ni tatu. Ya kwanza, chipu hazipungui gharama kwa kasi ya zamani kila zinapofanywa ndogo. Ya pili ni ushuru wa forodha. Tarehe 2 Aprili 2025, siku ile ile Nintendo walipotangaza bei ya Switch 2, Rais Trump alitangaza ushuru wake mkubwa juu ya bidhaa za nje, na Nintendo wakalazimika kuahirisha kupokea oda za Marekani. Ya tatu ni hii akili bandia. Mitambo ya akili bandia inameza chipu za kumbukumbu kwa wingi usiokuwa na mfano, na viwanda vinavyozitengeneza ni vichache. Mwezi wa Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara yake ya kuwauzia wateja wa kawaida kumbukumbu za kompyuta, ili iwahudumie wale wakubwa. Na mtambo wa michezo bila kumbukumbu ni jahazi bila tanga.

Basi makisio yangu ya bei ni haya. Haitatoka chini ya dola 499. Nakisia itakuwa karibu na dola 599 kwa ile isiyo na kisomeo cha diski, na atakayetaka kisomeo atakinunua mbali. Sisemi hivyo kwa kubahatisha. PlayStation 5 Pro ilipotoka Novemba 2024 kwa dola 699.99, ndivyo ilivyouzwa: boksi halina kisomeo, na kisomeo chenyewe ni dola 79.99 juu yake. Mlango huo umeshafunguliwa, na mfanyabiashara haufungi mlango unaomwingizia faida.

Hizo ni bei za Marekani. Hapa kwetu, dola 599 kwa kima cha shilingi 129 ni zaidi ya shilingi elfu 77, na hapo hujatia nauli, ushuru, VAT ya asilimia 16, wala riba ya mwenye duka.

MICHEZO YA SIKU YA KWANZA

Sasa tutazame michezo, kwani mtambo bila mchezo ni sanduku la plastiki. Kijana wetu anadhani siku mtambo mpya utakapotoka utashuka na michezo ambayo wa zamani hauwezi kuicheza. Zamani ilikuwa hivyo. Mwaka 1996 Nintendo 64 iliingia Marekani na michezo miwili tu, lakini mmoja ulikuwa Super Mario 64, na watu walinunua mtambo mzima kwa ajili ya mchezo huo mmoja. Mwaka 2017 Switch ilibebwa na Zelda vivyo hivyo. Kizuri chajiuza.

Lakini gharama za kutengeneza mchezo zimekuwa kubwa mno. Hati zilizofikishwa mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha kwamba The Last of Us Part II uliwagharimu Sony kiasi cha dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Mtu aliyetumia fedha kama hizo hawezi kuuza kwa wale wachache walionunua mtambo mpya wiki ya kwanza. Atauza na kwa wale mamilioni walio na mtambo wa zamani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020: Spider-Man: Miles Morales, mchezo uliopigiwa ngoma kubwa siku PlayStation ya tano ilipotoka, ulichezeka pia katika ya nne. Demon's Souls ulikuwa wa ya tano peke yake, nao ulikuwa mchezo wa mwaka 2009 uliovishwa nguo mpya.

Nakisia basi kwamba siku ya kwanza tutaona mchezo mmoja au miwili iliyotengenezwa kwa mtambo mpya tu, na iliyobaki itakuwa ile ile ya zamani iliyong'arishwa, pamoja na mpira wa miguu wa mwaka huo, ambao utatoka kwa mitambo yote miwili. Na watoto wa ukumbi wa kijana wetu wanacheza nini? Mpira. Saa tisa kati ya kumi ni mpira.

Kuna na alama nyingine ya kutazama: je, watatia mchezo wa bure ndani? Mwaka 2020 Sony walitia Astro's Playroom, mchezo unaomfundisha mtu mtambo wake, bila ya malipo. Mwaka 2025 Nintendo walikuwa na kitu cha namna hiyo kwa Switch 2, kikiitwa Welcome Tour, wakakiuza dola 9.99. Yaani umenunua nyumba, kisha unalipishwa kuonyeshwa vyumba. Na Mario Kart World peke yake ukawa dola 79.99. Watu walipiga kelele wiki nzima, kisha wakapanga foleni: Switch 2 ziliuzwa zaidi ya milioni 3.5 kwa siku nne za kwanza. Sony wameyaona hayo. Mchezo wa dola 80 nauhesabu kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa.

UMENUNUA NINI HASA?

Msomaji ataniuliza kwa nini naling'ang'ania suala la kisomeo cha diski. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema kwamba katika biashara kitu kiuzwacho kijulikane na bei yake ijulikane. Diski yajulikana ni nini. Ni yako. Utaicheza, utamwazima jirani, utaiuza ukiichoka, na mwenye ukumbi ataibadilisha na mwenye ukumbi mwenzake. Mchezo unaopakuliwa kwa intaneti si hivyo. Ule ni ruhusa ya kucheza, na mwenye kutoa ruhusa aweza kuiondoa. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mashine zilizokuwa zikiendesha mchezo wake The Crew, na walioununua wakabaki na jina tu. Baada ya mambo ya namna hiyo jimbo la California lilitunga sheria, ikaanza kazi mwaka 2025, kwamba wauzaji wamweleze mnunuzi waziwazi kuwa anachokipata ni leseni.

Tena duka la mtandaoni la Sony halikufunguliwa kwa kila nchi. Mwezi wa Mei 2024 lilizuka zogo kubwa juu ya mchezo wa Helldivers 2, wachezaji wa kompyuta walipotakiwa wawe na akaunti ya PlayStation. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, nyingi za Afrika zikiwamo. Vijana wetu hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, jambo ambalo hufaa mpaka siku litakapokataa kufaa. Mwenye diski mkononi hana wasiwasi huo.

Kwa hiyo siku ya tatu kijana alipokuja nilimjibu hivi. Mwanangu, usiweke oda ya kitu ambacho hata picha yake hujaiona. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia. Wala usikae ukingoja hizi ulizo nazo zishuke bei, kwani siku hizo zimepita. Kama ukumbi wako unajaa na watoto wanasimama nje, ongeza moja ya hizi hizi, lakini iwe yenye kisomeo cha diski, na uikague kabla ya kutoa pesa. Mpya itakapotoka, iache mwaka mmoja uone mambo mawili: je, mpira umehamia huko peke yake, na je, kisomeo chake kinauzwa kiasi gani? Yakikupendeza, nunua. Yasipokupendeza, huna ulichopoteza.

Akacheka, akaniuliza, "Na wenzangu wakinunua siku ya kwanza, Ami, watoto wakinihama?"

Nikamwambia watoto hufuata mpira ulipo na malipo yalipo madogo. Mwenye mtambo wa elfu themanini ataupata wapi mtaji wake, ila kwa kupandisha bei ya mechi? Hapo ndipo watakapomrudia yeye. Kijana akanyamaza kidogo akipiga hesabu kwa vidole, akaaga, akaenda kufungua chumba chake, kwani watoto walikuwa wameshatoka skuli.