Kutangulia si Kufika

Simama asubuhi kando ya barabara itokayo Maua na kupita Meru, Chuka na Embu kwenda Nairobi, nawe hutakawia kuiona pikapu iliyosheheni miraa ikipita kama mshale, taa zikiwaka mchana, honi ikilia, na mama wa sokoni akiruka mtaroni na kikapu chake. Kishindo kikiisha, utamsikia kijana aliyeegemea ukuta wa duka akisema kwa furaha, "Huyo ndiye dereva! Huyo angeshinda Safari!" Wenzake humwitikia kwa vicheko. Hapana amwulizaye mama yule kama ameumia.

Neno hilo ndilo nikusudialo kulipinga, msomaji wangu. Silipingi kwa sababu ya kuogopa motokaa, wala kwa kuyachukia mashindano. Nalipinga kwa sababu si kweli. Wadhanio kwamba mashujaa wa zamani wa Safari walikuwa watu wa kukimbia tu, hawaijui historia ya mashindano yale. Na walifanyao jina la Safari kuwa kinga ya uzembe wa barabarani, wanawasingizia watu ambao wengi wao wamekwisha kufa, wasioweza kusimama wakajitetea.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Safari ya kwanza iliendeshwa tangu tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni 1953, katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Siku zile watu wa Meru na Embu walikuwa chini ya amri za Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na sherehe ile haikuwa yao. Sifichi jambo hilo. Lakini utazame mpango wa mashindano yenyewe. Motokaa zilizoingia zilikuwa za kawaida, kama zilivyouzwa madukani, nazo ziligawanywa katika makundi kwa bei zake. Kila dereva alipewa muda wa kufika katika kila kituo. Akichelewa alipewa alama za adhabu. Motokaa iliyopoteza alama chache kuliko zote haikuwa kubwa wala ya fahari. Ilikuwa Volkswagen ndogo, yenye umbo la kobe, iliyoendeshwa na Alan Dix na Johnny Larsen. Waamuzi hawakuuliza nani mwepesi kuliko wote. Waliuliza nani atafika, na kwa muda aliopewa, na gari lake lingali zima.

Sasa turudi nyumbani, Meru na Embu. Safari ilipouzunguka Mlima Kenya, madereva walikutana na barabara ya zamani ya Embu na Meru, na jina la barabara ile lilitosha kuwatia hofu mabingwa. Lami haikuwako. Mlima huteremsha mito yake kama vidole vya mkono: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita, na kila mto umejichimbia bonde lake. Barabara ilishuka katika kila bonde, ikavuka maji, ikapanda tena, kona juu ya kona, hata hesabu ya kona zake ikawa mamia. Tena Safari iliwekwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapomwagika, na udongo mwekundu wa mlimani ukilowa huteleza kama sabuni.

Katika tope la namna ile, kasi humfaa nini mtu? Gari lililozama halikuokolewa na nguvu ya injini. Kadiri dereva alivyokanyaga mafuta, ndivyo magurudumu yalivyojichimbia kaburi. Lilitolewa kwa matawi yaliyotandikwa chini ya tairi, na kwa mikono ya wanakijiji waliokuja kusukuma, nao wakarudi makwao wamepakwa matope toka kichwani hadi miguuni. Majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote cha washindi. Lakini bila mikono ya watu kama hao, wengi walioandikwa wasingaliandikwa.

Ukitaka ushahidi wa tarakimu, upo. Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari. Yaliyomaliza yalikuwa 7. Mwaka 1968 yalianza 93. Yaliyomaliza yalikuwa 7 tena. Na miaka yote miwili aliyeshinda alikuwa mtu yule yule, Nick Nowicki, pamoja na mwenzake Paddy Cliff, katika motokaa ya aina ile ile, Peugeot 404. Je, tuseme ni bahati? Bahati haimtembelei mtu mmoja mara mbili katika mwaka wa mafuriko na kuwapita wengine 80 na zaidi. Wale wengine hawakukosa mguu wa kukanyagia mafuta. Walikosa kujua wakati wa kuuondoa.

Mfikirie pia Erik Carlsson wa Sweden, mmoja wa madereva hodari wa dunia katika siku zake. Mwaka 1963 alikuwa mbele ya wote katika Saab yake ndogo, akagonga muhanga, yule mnyama mchimba mashimo atembeaye usiku, na safari yake ikaishia hapo. Miaka ikapita, mabingwa wa Ulaya wakaja na magari mazuri na mafundi wengi, wakashindwa na wenyeji. Ilibidi ungoje mpaka mwaka 1972, miaka 19 tangu mwanzo, ndipo Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Wageni hao walijua kukimbia kuliko wenyeji wengi. Wenyeji walijua njia, mvua na wanyama, wakajua mahali pa kupunguza mwendo.

Na katika wenyeji hao, nani aliyepita Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi aliyejifunza kazi katika gereji ya baba yake? Alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokwisha tumika, si mpya. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Lakini si ushindi huo nikutakao uukumbuke. Katika Safari 22 alizozianza, alifika mwisho mara 19. Hiyo ndiyo tarakimu ya bwana yule. Alikuwa fundi, alijua kwamba chuma nacho huchoka, nacho huumia, naye alilihurumia gari kama mchungaji amhurumiavyo mnyama aliyebeba mzigo.

Mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya motokaa za zamani katika barabara za Afrika Mashariki. Mwaka 2011 aliyeshinda mashindano hayo alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, mwenye umri wa miaka 68, akiendesha Porsche 911 ya zamani. Mzee katika gari kuukuu aliwapita vijana. Kama kasi peke yake ingalikuwa ndiyo siri, mzee yule angaliachwa nyuma siku ya kwanza.

Sisemi kwamba watu hawa walitambaa kama kinyonga. Walikwenda mbio penye nafasi ya kwenda mbio. Wala sisemi kwamba Safari haikuwa na makosa: ilipitia barabara za watu, nayo ilikuwa na ajali zake. Nisemalo ni hili, kwamba kasi ilikuwa mtumishi wao, wala haikuwa bwana wao.

Hapa mtetezi wa pikapu atainuka aseme, "Wewe hujui biashara yetu. Miraa ni jani. Likichelewa hunyauka, na mkulima wa Igembe hukosa ada ya shule ya mtoto wake." Neno hili ni zito, wala sitalidharau, maana miraa imesomesha wengi, labda hata wewe usomaye. Lakini hebu tulipime kwa hesabu. Chukua safari ya kilomita 120. Dereva aendaye kilomita 80 kwa saa atatumia saa moja na nusu. Aendaye kilomita 120 kwa saa atatumia saa moja, kama hakuna kona, mlima, wala ng'ombe njiani. Ameokoa nusu saa. Miraa iliyofungwa vizuri katika majani ya mgomba huhifadhi ubora wake kwa muda wa siku mbili hivi, yaani saa 48. Nusu saa ni sehemu moja tu katika 96 za muda huo. Jani gani linyaukalo kwa nusu saa? Na kama soko halingoji, dawa yake ni nyepesi: mchumaji aamke nusu saa mapema, na tajiri aache kumlipa dereva kwa kumtia wazimu wa saa. Upande wa pili wa mizani uweke jambo ulilofundishwa darasani: gari liendalo kilomita 120 kwa saa lina nguvu ya kuumiza mara mbili na robo ya lile liendalo 80. Nusu saa kwa upande huu, uhai wa mtoto avukaye barabara kwa upande ule. Ni nani mwenye akili asiyejua upande ulio mzito?

Mwingine atasema kwamba kosa ni la barabara. Naye ana haki yake. Barabara ya leo ina lami, lakini mabonde ni yale yale. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, wakafa watu zaidi ya 30. Siitaji ajali hiyo nimhukumu mtu. Naitaja kwa sababu mahali pale pamelia watu mara nyingi, na ni haki yetu kuitaka serikali ipatengeneze. Lakini tunapodai barabara njema, tusisahau kwamba wale wa zamani walipita mabonde haya bila lami, wakafika. Barabara mbaya humwambia mwenye busara, "Punguza." Haijamwambia mtu yeyote, "Ongeza."

Wazee walisema kutangulia si kufika. Yaliyotangulia mwaka 1968 yalikuwa mengi. Yaliyofika yalikuwa 7.

Basi, msomaji, nakuomba mambo mawili. La kwanza, ukimsikia mwenzako akimsifu dereva wa fujo kwa jina la Safari, usicheke naye. Mwambie habari za Volkswagen ndogo ya mwaka 1953, na za fundi wa Kericho aliyefika mara 19 katika 22. La pili ni gumu zaidi. Siku utakapokuwa ndani ya matatu, na dereva akaanza kushindana na upepo katika mteremko wa Nithi, usinyamaze kwa kuwaonea haya abiria wenzako. Sema, kwa adabu lakini kwa sauti, "Dereva, punguza mwendo." Huenda wakakucheka na kukuita mwoga. Vumilia. Waoga wa namna hiyo ndio walioandikwa katika vitabu vya washindi, na nyumbani kwako kuna mtu akungojaye jioni, asiyejali hata kidogo kama ulikuwa wa kwanza.